Faili Moja Ndani ya /etc: Mhadhara Kuhusu Mipangilio ya Hifadhidata katika Seva za Tovuti



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa nje linaonekana dogo. Ni faili la maandishi, aghalabu halizidi kurasa mbili tatu, linalokaa ndani ya saraka ya /etc katika seva ya Linux. Faili hilo ndilo linaloiambia hifadhidata ya MySQL au MariaDB itumie kumbukumbu kiasi gani, ihudumie miunganisho mingapi kwa wakati mmoja, na ikisema imehifadhi kitu, iwe imekihifadhi kweli au iwe inatarajia tu kukihifadhi. Tovuti nyingi tunazozisoma kwa lugha hii, za habari, za shule, za maduka, za misikiti na makanisa, zinaendeshwa na WordPress au programu nyingine ya PHP iliyosimama juu ya hifadhidata ya namna hiyo. Tovuti ikianza kuwa nzito, fundi hulifungua faili. Na hapo ndipo ugomvi wangu na mafundi wenzangu unapoanzia, maana wengi tukishalifungua tunabandika mistari tuliyoiokota mahali, tunaiwasha seva upya, tunaona kama imechangamka, tunakwenda zetu kunywa chai.

Ninachosema leo ni kimoja: namba za faili hilo hazinakiliki. Kila namba ni hesabu ya mashine fulani, yenye kumbukumbu ya kiasi fulani, inayobeba tovuti fulani. Asiyeifanya hesabu hiyo mwenyewe anapiga ramli. Na akiifanya sawasawa, mara nyingi atakuta tatizo halikuwa ndani ya faili kabisa. Nitalifikia hilo mbele.

Tuanze na umri wa ushauri tunaounakili. MySQL ilitoka mwaka 1995 kwenye kampuni ya Uswidi iliyoitwa MySQL AB, waanzilishi wake wakiwa Michael Widenius, David Axmark na Allan Larsson. Mwaka 2008 ilinunuliwa na Sun Microsystems kwa takriban dola bilioni 1 za Marekani, na mwaka 2010 Sun yenyewe ikamezwa na Oracle. Widenius, ambaye alikuwa amekwisha kuondoka, aliuchukua msimbo uliokuwa wazi kwa kila mtu akaanzisha tawi lake, MariaDB. Tawi hilo ndilo unalopewa leo kwenye Debian ukiomba hifadhidata ya kawaida bila kutaja jina. Ndugu hawa wawili wamezidi kuachana mwaka hadi mwaka, na mstari unaomfaa mmoja unaweza kumwangusha mwingine.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni query_cache_size. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa jambo la kwanza kuambiwa ukilalamika kwamba tovuti ni nzito: ongeza akiba ya majibu. Wazo lenyewe linavutia. Hifadhidata inaweka jibu zima la swali, na swali lilelile likija tena, herufi kwa herufi, inalitoa jibu bila kufanya kazi upya. Kasoro yake ni kwamba jedwali likiguswa, hata kwa rekodi moja tu, majibu yote yanayolihusu jedwali hilo yanatupwa. Sasa fikiria tovuti ya habari iliyowekewa kile kiongezi cha kuhesabu wasomaji, kinachoandika namba mpya ndani ya jedwali lenyewe la habari. Kila msomaji anayefungua habari anaibadilisha rekodi, na kila badiliko linafuta akiba. Seva inashinda ikijaza na kumwaga. Isitoshe, mlango wa akiba hiyo ulikuwa na kufuli moja, kwa hiyo prosesa yenye kore nyingi ilipanga foleni mbele ya kufuli badala ya kufanya kazi. Oracle walitangaza katika toleo la 5.7.20 kwamba kitu hicho kiko njiani kuondoka, na katika MySQL 8.0, iliyotoka mwaka 2018, hakipo. Nikisema hakipo nina maana ukiubandika mstari huo katika faili la MySQL 8.0, hifadhidata inagoma kuwaka, inaandika kwenye logi kwamba haikijui kigezo hicho, basi. Kwa MariaDB bado kipo, ila kimezimwa tangu kiwandani. Mistari hiyo ingali inapita mkono kwa mkono hadi leo.

Kuna kichekesho kingine. Zamani MySQL ilikuja na mafaili ya mfano, na moja likiitwa my-huge.cnf, yaani la mtambo mkubwa mno. Ukilifungua, maelezo yake ya juu yalisema ni la mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 hadi 2. Simu ya bei ya chini iliyomo mfukoni mwa mmoja wenu sasa hivi inaipita mashine hiyo. MySQL waliacha kuyasambaza mafaili hayo kuanzia toleo la 5.6, lakini namba zake zimebaki zinazagaa, na hukutana nazo kwenye seva ambazo watunzaji wake walikuwa hawajaanza shule zilipoandikwa.

Kabla ya kubadilisha lolote, jua kwanza ni faili gani linalosomwa. Linasikika jambo la kitoto, lakini limewatoa watu jasho. Kwenye Ubuntu na Debian mipangilio imetawanywa chini ya /etc/mysql, na ya MariaDB yenyewe iko ndani ya mariadb.conf.d, katika faili la 50-server.cnf. Kwenye jamii ya Red Hat, kama AlmaLinux, ni /etc/my.cnf pamoja na vipande vilivyomo /etc/my.cnf.d. Kigezo kikiandikwa mara mbili, cha mwisho kusomwa ndicho kinachoshinda. Kwa hiyo unaweza kubadilisha namba, ukawasha upya, na isiwe na athari yoyote, kwa sababu kipande kingine kimekuja nyuma kikaifuta. Usiliamini faili. Iulize hifadhidata yenyewe kwa amri ya SHOW VARIABLES, itakuambia inatumia nini saa hiyo.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana ndiko nilikotaka tukae.

Kigezo kikubwa kuliko vyote katika injini ya InnoDB, ambayo ndiyo ya kawaida tangu MySQL 5.5, ni innodb_buffer_pool_size. Hicho kinatenga bafa, yaani sehemu ya RAM ambamo hifadhidata inaweka kurasa za data, kila ukurasa kilobaiti 16, ili isilazimike kwenda diski kila mara. Karani wa masjala anafanya hivyohivyo: majalada yanayoulizwa kila saa anayaacha juu ya meza, yaliyobaki yako kabatini chumba cha pili. Meza ikiwa ndogo, karani atashinda njiani. Namba ya kiwandani ni megabaiti 128. Kama data yako yote pamoja na faharasa zake ni megabaiti 90, namba hiyo inakutosha, na anayekuambia uiongeze hadi gigabaiti 3 anakupotezea RAM. Kama data yako ni megabaiti 900, basi kweli unateseka. Ukubwa huo haukisiwi. Unaupata kwa kujumlisha data_length na index_length kutoka information_schema.tables, na ni kazi ya sekunde chache.

Ushauri mashuhuri unasema: ipe asilimia 80 ya RAM. Si uongo, ila una sharti ambalo watu hulimeza. Unahusu mashine ambayo haina kazi nyingine zaidi ya hifadhidata. Seva zetu za kupangisha tovuti si hizo. Seva ileile moja ina nginx au Apache, ina PHP, pengine ina barua pepe na kichujio cha taka, na hifadhidata ni mpangaji mmoja katika nyumba yenye wapangaji wengi.

Chukua seva pepe ya kawaida yenye RAM ya gigabaiti 4, yaani megabaiti 4,096. Mfumo wenyewe na huduma ndogondogo zichukue megabaiti 500. PHP-FPM imeruhusiwa michakato 20, na ukiitazama kwa amri ya ps unakuta kila mmoja una wastani wa megabaiti 60. Hizo ni 1,200. Sasa fuata ushauri wa asilimia 80: 4,096 mara 0.8 ni 3,277 ukikadiria. Jumlisha: 500, na 1,200, na 3,277, unapata 4,977. Umegawa megabaiti 881 ambazo mashine haina. Na hapo sijaongeza kwamba InnoDB hujichukulia karibu asilimia 10 juu ya ulichoipa, kwa ajili ya kumbukumbu zake za ndani.

Kinachofuata kinawachanganya wengi, kwa sababu hakitokei siku hiyohiyo. Bafa hujaa taratibu, kadiri kurasa zinavyosomwa. Siku ya kwanza tovuti ni nyepesi, mteja anafurahi, fundi analipwa. Baadaye, wasomaji wakiwa wengi na michakato yote 20 ya PHP iko kazini, RAM inakwisha. Kerneli ya Linux inalazimika kuua mchakato mmoja ili mashine isisimame, na humtafuta aliyeshika kumbukumbu nyingi. Huyo ni mysqld, mchakato wa hifadhidata. Mara nyingi systemd inaiwasha tena papo hapo, kwa hiyo mwenye tovuti anaona ujumbe wa kushindwa kuunganishwa na hifadhidata kwa dakika moja hivi, kisha kila kitu kinarudi, na logi ya hifadhidata yenyewe haina maelezo kwa sababu aliyeuawa hakupewa nafasi ya kuandika. Habari iko kwenye logi ya kerneli. Andika journalctl -k, tafuta neno oom, utamkuta mysqld ametajwa kwa jina pamoja na saa aliyouawa.

Hesabu iliyo salama kwa seva hiyo inaanzia upande wa pili. Kwenye 4,096 toa 500, toa 1,200, zinabaki 2,396. Ukiipa bafa 1,280, pamoja na ile asilimia 10 inakuwa 1,408, na unabakiwa na kama megabaiti 988 kwa ajili ya miunganisho, majedwali ya muda, akiba ya mafaili ya Linux yenyewe, na usiku ule ambao nakala ya akiba inatengenezwa huku wasomaji bado wapo. Ukiona data yako haizidi megabaiti 600, punguza zaidi, uipe PHP.

Nimetaja miunganisho. Hapa pana mtego ambao ni hesabu ya kuzidisha tu. Bafa kubwa ni moja kwa hifadhidata nzima, lakini sort_buffer_size na join_buffer_size ni za kila muunganisho, na swali moja laweza kudai ya pili zaidi ya mara moja. Kwa MySQL, kiwandani kila moja ni kilobaiti 256. Nimeona mafaili ambayo zote mbili zimepandishwa hadi megabaiti 64, na chini yake max_connections ni 500. Piga hesabu: megabaiti 128 mara 500 ni 64,000. Hiyo ni RAM ya gigabaiti 62 na nusu imeahidiwa kwenye seva yenye 4. Ni kweli kwamba hazichukuliwi zote kwa pamoja, zinachukuliwa swali linapozihitaji. Ndiyo sababu seva hizo huishi. Zinaishi kwa kudra, mpaka siku maswali mazito yatakapokuja pamoja. Ziacheni bafa hizi ndogo kama zilivyo.

Na max_connections yenyewe? Kiwandani ni 151, na hifadhidata hushika nafasi moja ya ziada kwa msimamizi ili aweze kuingia hata milango ikijaa. Kwenye tovuti ya PHP, kila mchakato hufungua muunganisho mmoja, kwa kawaida. Kama michakato ni 20, miunganisho zaidi ya 20 na kidogo itatoka wapi? Namba 151 tayari ni ya ukarimu. Fundi anayeipandisha hadi 1,000 baada ya kuona ujumbe kwamba miunganisho imejaa hajauliza kwa nini imejaa. Michakato 20, kila ukurasa ukichukua sekunde 0.2, inaweza kuhudumia kurasa 100 kwa sekunde. Ukurasa ukianza kuchukua sekunde 2, michakato ileile 20 inahudumia kurasa 10 tu, na wageni wengine 90 wako nje wanabofya tena na tena. Foleni haikuletwa na mlango mwembamba. Ukiupanua umeruhusu wengi zaidi waingie kugombea diski ileile. Tazama Max_used_connections uone kilele halisi tangu seva iwashwe, kisha uipe nafasi kidogo juu yake. Na kama unakuta miunganisho imelala tu, punguza wait_timeout, ambayo kiwandani ni sekunde 28,800. Hizo ni saa 8. Hakuna ukurasa wa tovuti unaohitaji kusubiriwa saa 8.

Kuna kigezo kimoja ambacho ningependa tukitazame kwa uangalifu kuliko vyote, kwa sababu kinagusa pesa za watu: innodb_flush_log_at_trx_commit. Jina refu, thamani zake kuu tatu. Ikiwa ni 1, ambayo ndiyo ya kiwandani, kila muamala ukikamilika hifadhidata inauandika kwenye logi na kuisubiri diski ithibitishe kwamba kweli umeandikwa. Ikiwa ni 2, inaukabidhi kwa Linux papo hapo, lakini uthibitisho wa diski unafanyika mara moja kwa sekunde. Ikiwa ni 0, hata kuukabidhi kwenyewe kunasubiri sekunde hiyo. Diski ya kuzunguka, ile ya mizunguko 7,200 kwa dakika, inazunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo kwa thamani ya 1 haiwezi kuthibitisha miamala mingi zaidi ya hapo ikija mmoja mmoja. Ukiweka 2, kasi inaruka mara nyingi. Ndiyo maana kila anayetaka kuonekana fundi hodari huiweka.

Sasa fikiria duka la mtandaoni linalopokea malipo kwa simu. Mteja analipa, mtandao wa simu unatuma taarifa kwa seva yako kwamba malipo yamepita, seva inaandika rekodi, inajibu kwamba imepokea. Nusu sekunde baadaye umeme unakatika chumbani kwenu, na betri ya akiba ilikufa mwezi uliopita. Kwa thamani ya 1, rekodi ipo umeme ukirudi. Kwa thamani ya 2, huenda haipo. Mtandao wa simu hautaituma tena, kwa sababu ulikwisha jibiwa. Mteja ana ujumbe wa malipo kwenye simu yake, wewe huna chochote, na mhudumu wa duka atamwambia alete picha ya ujumbe. Tovuti ya habari inaweza kuvumilia kupoteza maoni ya sekunde moja. Ada za shule, michango ya SACCOS, tiketi za basi, hapana. Kwa hizo acha 1, na kama ni nzito nunua diski ya SSD nzuri. Thamani ya 0 sijaona inakofaa kwenye seva ya wateja.

Upande wa Linux wenyewe nitapita haraka. Kigezo cha vm.swappiness kiwandani ni 60. Wengi hukishusha hadi 10 au chini, ili kerneli isiwe nyepesi kuihamishia bafa ya hifadhidata kwenye diski, yaani kwenye swapu, nami nakubaliana nao. Usiondoe swapu kabisa kwenye seva ndogo, maana utakuwa umeondoa breki ya mwisho kabla ya yule anayeua. Ukipandisha open_files_limit ndani ya my.cnf na isipande, tatizo ni systemd, ambayo ina kikomo chake cha LimitNOFILE, na hicho ndicho kinachoamua. Halafu bind-address: kama tovuti na hifadhidata viko kwenye seva moja, iwe 127.0.0.1, na mlango wa 3306 usionekane na dunia. Hilo halihusu kasi, ila fundi anayelifungua faili kwa ajili ya kasi na kuuona mlango huo wazi kisha akaufumbia macho, sijui tumwiteje.

Nilisema mara nyingi tatizo halimo ndani ya faili. Nitaonyesha kwa jedwali moja.

Mwanafunzi ameandika mfumo wake wa habari. Jedwali la habari lina rekodi 200,000, na ukurasa wa mbele unauliza swali moja: nipe habari 10 za karibuni ambazo hali yake ni imechapishwa. Hakuna faharasa. Ukiweka neno EXPLAIN mbele ya swali hilo, hifadhidata inakuonyesha mpango wake: aina ya usomaji ni ALL, idadi ya rekodi inazokadiria kusoma ni karibu 200,000, na mwishoni itazipanga. Yaani kwa kila mgeni anayefungua ukurasa wa mbele, inasoma jedwali lote, inapanga zote kwa tarehe, inachukua 10, inatupa zilizobaki. Unaweza kuipa bafa gigabaiti 8 ikazisoma zote kutoka RAM, na kwa mgeni mmoja itaonekana imepona. Lakini prosesa bado inatafuna rekodi 200,000 kwa kila bofyo, na wageni wakifika 30 kwa pamoja mtarudi palepale.

Dawa ni mstari mmoja:

CREATE INDEX hali_tarehe ON habari (hali, tarehe);

Sasa zilizochapishwa zimekaa pamoja, ndani yake zimepangwa kwa tarehe, na hifadhidata inaanzia mwisho inarudi nyuma hatua 10, inasimama. Kutoka 200,000 hadi 10. Hakuna namba ndani ya my.cnf itakayokupa tofauti ya namna hiyo. Mpangilio wa safu ndani ya faharasa una maana: ukianza na tarehe kisha hali, si kitu kilekile. WordPress wamekwisha kuliweka jambo hili, jedwali la wp_posts lina faharasa ya aina, hali na tarehe. Lakini jedwali la wp_postmeta halina faharasa kwenye safu ya meta_value, na viongezi vingi hupenda kutafuta humohumo. Tovuti yenye bidhaa maelfu, kila bidhaa na maelezo yake kadhaa, inaumia hapo.

Utayajuaje maswali mabaya? Washa slow_query_log. Iko tayari, imezimwa tu, na hata ukiiwasha, kikomo chake cha kiwandani ni sekunde 10, kwa hiyo swali la sekunde 9 halihesabiwi kuwa zito. Shusha long_query_time hadi 1. Acha siku nzima ya kazi ipite, kisha endesha mysqldumpslow -s t, ambayo huja pamoja na hifadhidata, ikupangie maswali kwa jumla ya muda. Angalia jumla, si moja moja. Swali la sekunde 1 na robo linaloulizwa mara 5,000 kwa siku ni adui mkubwa kuliko ripoti ya sekunde 40 inayoendeshwa na mhasibu Ijumaa jioni. Kuna pia MySQLTuner, hati ya Perl aliyoianzisha Major Hayden, ambayo watu huiendesha dakika tano baada ya kuwasha seva na kufuata kila inachosema. Yenyewe inakuonya kwamba kama seva haijatimiza saa 24 makisio yake si ya kutegemewa. Isomeni hiyo sehemu.

Na wale wanaoweka kazi ya cron ya kuiwasha hifadhidata upya kila usiku ili ipumzike, naomba waache. Hifadhidata haichoki. Ukiizima unatupa kurasa zilizokwisha kukusanywa ndani ya bafa. Matoleo ya sasa hukumbuka sehemu yake na kuirejesha, kwa kawaida robo, nyingine inakusanywa upya kutoka diski, na kazi hiyo wanaifanya wasomaji wako wa alfajiri.

Mtu ataniuliza kuhusu siku ya matokeo ya mitihani, maana kila mwenye tovuti ya shule au ya habari anaijua siku hiyo. Watu wote wanakuja saa ileile, wanataka ukurasa uleule. Jibu langu ni kwamba siku hiyo hifadhidata isiguswe kabisa. Orodha ya matokeo haibadiliki kati ya msomaji wa kwanza na wa elfu kumi. Itengenezwe mara moja iwe faili la HTML, nginx ilitoe lenyewe. Hata kwa kurasa zinazobadilika, ukiiambia nginx ihifadhi ukurasa kwa sekunde 10 tu, hifadhidata itaulizwa mara moja kila sekunde 10 kwa ukurasa huo, wawe wasomaji 50 au 5,000. Watu wanaonunua seva kubwa kwa ajili ya siku moja ya mwaka wangeweza kuzibakiza pesa hizo.

Wako pia wasioruhusiwa kuligusa faili, walionunua nafasi kwenye seva ya pamoja. Mnaniandikia sana, mkidhani kampuni inawanyima kitu. Mlichonacho kinatosha kwa sehemu kubwa: mnaweza kuongeza faharasa, mnaweza kuweka akiba ya kurasa, mnaweza kuondoa viongezi visivyotumika na kusafisha wp_options, ambayo sehemu yake kubwa hupakiwa kwa kila ukurasa unaofunguliwa, ikiwa ni pamoja na mabaki ya viongezi mlivyovifuta zamani.

Nimalizie na ombi kwa wanaolishika faili hilo. Badilisheni kigezo kimoja kwa wakati mmoja, mkikipa siku kadhaa kabla ya kugusa kingine. Juu ya kila mstari mnaoubadilisha andikeni maelezo kwa alama ya #: tarehe, namba ya zamani, sababu, na kipimo mlichokiona. Yaandikeni kwa Kiswahili, maana atakayewarithi seva huenda ni kijana wa hapahapa, na saa nane za usiku hatakuwa na muda wa kukisia mlikuwa mnawaza nini. Na kesho mkifika kazini, kabla ya kugusa namba yoyote, washeni logi ya maswali mazito, muiache ikusanye mpaka jioni.